Siku Mzee wa Vitambaa Alipochanganya Nyimbo

Kwa miaka kumi na moja nimeshona nguo kwenye baraza ya duka la vitambaa Mkuyuni, na kwa miaka yote hiyo nimesikia nyimbo zilezile bila kuzisikiliza. Mtu akiniuliza wimbo wa tatu unasema nini, sina jibu. Unaimbwa Kihindi na mwanamke mwenye sauti nyembamba, na mimi Kihindi sijui hata cha kuombea maji. Lakini niamshe usingizini uniimbie mwanzo wake tu, mguu wangu wa kulia utaanza kutafuta pedali ya cherehani.

Barazani tuko mafundi wawili. Mimi niko kushoto kwa mlango, nashona magauni. Kulia yuko baba mmoja wa Kisukuma anayeshona suruali na makoti, mpole kupita kiasi, ambaye namwita kaka ingawa kwa umri ni sawa na baba yangu mdogo. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Mwanza, kama baba yake. Wateja wa kutoka Magu wakimkazia kwenye bei anahamia Kisukuma, nao wanacheka na kulainika. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nacho nje, tunampima papo hapo. Utaratibu huo niliukuta, na waliokuwepo kabla yangu nao waliukuta.

Nyimbo ni za mzee. Ana spika moja ya betri, ukubwa wa ndoo ndogo, na fleshi moja ambayo sijawahi kuiona ikibadilishwa. Saa mbili na nusu anafungua duka, anawasha udi mbele ya picha yake ya ibada, na spika inaanza na wimbo wa sala. Baada ya hapo zinafuata za sinema za zamani. Halafu inakuja rumba moja yenye gitaa refu sana, na ikifika hapo ni saa nne, kaka wa suruali anasimama kwenda kunywa chai. Baadaye kuna taarabu mbili tatu, kisha kwaya ya akina mama, na hiyo ikianza ni saa sita kasoro robo. Baada yake, sijui ilifikaje humo, kuna singeli moja peke yake, ya kasi ya ajabu, mpaka mzee mwenyewe anaikunjia uso. Hiyo ni saa saba kamili. Ng'ambo ya barabara mama wa chakula akisikia singeli anaanza kupakua, kwa sababu anajua sasa hivi tutavuka.

Utasema tungeangalia saa. Saa ya ukutani dukani ilisimama zamani na hakuna aliyejali. Simu yangu mimi naiweka kwenye mkoba chini ya meza, tangu siku nilipokuwa nasoma ujumbe huku pasi imelala juu ya hariri ya mtu. Nikiitoa ni kwa jambo moja tu: kwaya ikianza, nampigia mama yangu Ukerewe. Naweka sauti ya wazi, naiegemeza kwenye boksi la nyuzi, tunaongea huku nashona. Tukimaliza namwambia haya mama, na mara nyingi nasahau hata kukata, cherehani inaendelea na simu imelala palepale mezani.

Sasa nije kwenye harusi. Mama yangu alikuwa mjane. Baba alipofariki alimwachia nyumba ya vyumba vinne, mashamba mawili ya mihogo, na ukimya. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na sisi watoto wake tulishatawanyika, kwa hiyo nyumba ile ilitulia kabisa. Akiwa na miaka sitini na miwili, mama akatangaza kwamba anaolewa. Bwana harusi alikuwa fundi wa injini za boti aliyekwisha kustaafu, mjane pia, mwanakwaya wa kanisa lao.

Wadogo zangu walifurahi. Mimi nilinuna. Nilitafuta kasoro kwa yule mzee na sikupata ya maana, ila moja: anaimba muda wote huku amefumba mdomo. Si wimbo wenye mwanzo na mwisho. Anaimba puani akila, anaimba akinawa, hata ukimweleza jambo anakusikiliza kwa adabu huku kifuani kunavuma taratibu. Nilikaa naye siku mbili nikarudi Mwanza na kichwa kinauma. Nikamuuliza mama kwenye simu atawezaje kuishi na mtu kama jenereta. Mama akasema tu kwamba yeye hakisikii ninachokisikia mimi.

Hata hivyo gauni nilitaka nilishone mwenyewe. Mzee wa duka alinichagulia lesi ya rangi ya maziwa, akasema kwa mwanamke wa umri ule usiweke kung'aa, weka mkato mzuri. Nikalikata kwa vipimo vya mama nilivyonavyo kichwani. Harusi ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Mimi ningefunga kazi Ijumaa saa saba na kupanda meli ya saa nane kwenda Nansio. Hakukuwa na gauni jingine, na mama alishawaambia wanawake wote wa kanisani kwamba nguo inatoka Mwanza kwenye mikono ya mwanawe.

Alhamisi nilikuwa na hasira za kazi. Kola ya mteja mmoja ilikataa kukaa, na wakati huohuo yule mwanamke wa sauti nyembamba akaanza. Nikampigia mzee kelele kutoka barazani, nikamwambia hizi nyimbo sasa hata cherehani yangu imezikariri, azichanganye basi hata kidogo tupate hewa. Mzee aliendelea na kazi yake. Alikuwa anakunja vitenge.

Ijumaa akafungua, akawasha udi, wimbo wa sala ukapigwa. Ukaisha. Halafu, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, ikapasuka singeli.

Kaka wa suruali alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Mama wa chakula alitoka nje na mwiko mkononi kuangalia kuna nini. Mzee akatokea mlangoni amefurahi sana, akanionyesha kidole kwenye kitufe cha spika, kwamba amezichanganya kama nilivyoomba. Nilimshukuru. Kwa nusu saa tulikuwa tunabahatisha wimbo gani unafuata, na anayekosea anatoa pole kwa wenzake. Ilikuwa asubuhi nzuri kweli.

Kisha tukaingia kwenye kazi, na muziki ukafanya kile unachofanya siku zote, ukarudi nyuma ya vichwa vyetu. Nilikuwa namalizia kushona lesi kwenye shingo, kazi ya mkono, sindano nyembamba, hairuhusu haraka. Nilijua kabisa kwamba nyimbo zimechanganywa. Niliambiwa, nikaonyeshwa hata kitufe. Na bado nilikaa pale nikiamini, si kwa akili bali kwa mwili wote, kwamba singeli ikipiga nitasimama niende bandarini. Nilikuwa nasubiri wimbo ambao ulishapita asubuhi.

Si mimi tu. Kaka wa suruali alikunywa chai yake ya saa nne saa sita na nusu, akiwa analalamika kichwa kizito. Mama wa chakula alibandika wali akasubiri ishara mpaka wali ukashika chini, na harufu ikatufikia, na hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini.

Kwaya ya akina mama ikaanza. Nikaweka sindano, nikavuta simu mkobani, nikampigia mama nimwambie kwamba gauni limekwisha na baada ya lisaa limoja hivi nafunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko melini?"

Nikamwambia bado niko barazani, ndiyo kwanza kwaya. Mama akaniambia niangalie saa. Ilikuwa saa nane kasoro dakika nane.

Sikumbuki nilivyovuka barabara. Nilikuwa na gauni kwenye mfuko wake mabegani, niko juu ya bodaboda, na dereva ananiuliza nani kafariki. Tulipofika bandarini meli ilikuwa imeshaachia. Kati yake na gati maji yalikuwa upana wa chumba, na watu wa juu wakanipungia mikono wakidhani nimekuja kumsindikiza mtu.

Nikarudi Mkuyuni, nikakaa kwenye kiti changu. Aibu niliyokuwa nayo, bora ningevunjika mguu, angalau ningekuwa na cha kuonyesha. Nikampigia mama tena. Alipokea haraka, na nilipomwambia meli imeniacha akasema "aa" ndogo.

"Mwanangu," alisema, "kama moyo wako umekataa, sema umekataa. Mimi nitavaa kitenge changu cha kila Jumapili na nitaolewa. Lakini usinitafutie sababu."

Hapo ndipo nilipoogopa. Meli ya asubuhi isingefika kabla ya ibada, lakini hilo lilikuwa jambo la nguo. Hili lilikuwa jambo jingine. Nilimwona mama akiingia kanisani huku anaamini kwamba mtoto wake mkubwa amemsusa kwa makusudi, na kwamba ataishi na imani hiyo maisha yake yote, kwa sababu sisi kwetu hatuna tabia ya kuulizana mara mbili. Na sababu yangu ya kweli ilikuwa ya kijinga kiasi kwamba nilitamani kumtungia uongo wa maana, ugonjwa au mgeni wa ghafla. Nikashindwa. Nikamwambia mzee amechanganya nyimbo.

Nilimweleza yote: fleshi, kitufe, singeli ya asubuhi, wali wa mama wa chakula. Nilivyokuwa nasema nilijisikia mwenyewe, na kama ningekuwa mama nisingeamini hata nusu. Kaka wa suruali alikuwa ananitazama kwa huruma.

Mama akaanza kucheka. Alicheka taratibu kwanza, halafu kile kicheko chake cha kujishika kiuno, mpaka nikasikia wanawake waliokuwa wanachambua mchele pale kwake wakimuuliza kuna nini. Aliniambia alishahisi kuna kitu hakiko sawa Mwanza tangu aliposikia kwaya. Kwaya ile, alisema, huwa inaimba kabla watoto wa shule hawajapita mlangoni kwake kwenda kula. Leo watoto walikula wakarudi darasani, na kwaya ndiyo inaanza.

"Njoo na nguo yangu," akasema. "Zunguka hata na Bunda, lakini njoo."

Mzee wa duka alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Alisikia kila kitu, maana sauti ya simu ilikuwa wazi. Hakuomba msamaha. Aliingia ndani, akazima spika, akatoka na funguo za gari na kofia. Kisha akafunga duka, Ijumaa, saa nane na nusu mchana, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baadaye. Alimwambia kaka wa suruali aangalie baraza, na mimi akaniambia nipande mbele, gauni lilale nyuma, lisikunjwe.

Njia ya nchi kavu ni ndefu: unapita Magu, unafika Bunda, unaiacha lami kubwa na kuelekea Kisorya, na hapo kuna kivuko kinachokuvusha mpaka kisiwani. Mzee anaendesha gari kama anavyokata kitambaa, mstari mmoja, hana haraka wala hasimami. Baada ya Magu akachomeka ile fleshi kwenye redio ya gari. Zilikuwa zimerudi kwenye mpangilio wake, na wimbo wa sala ukaanza.

Kwa mara ya kwanza niliusikiliza, kwa kuwa sikuwa na cha kushona. Nilimuuliza mzee unasema nini. Akafikiri kilomita nzima, akakiri kwamba maneno mengine hata yeye hajawahi kuyafuatilia. Aliyepanga nyimbo ni mke wake. Rumba ya saa nne aliiweka hapo ili mzee akumbuke kidonge chake cha presha, na singeli aliiweka makusudi saa saba kwa sababu alijua itamuudhi atoke kwenye kiti akale. Nikamuuliza kama leo amekunywa kidonge. Mzee akageuza kichwa akanitazama, na uso wake ulikuwa uleule niliokuwa nao mimi bandarini.

Tukasimama kwenye kibanda, tukanunua maji, akameza. Muda huohuo mke wake akapiga simu kuuliza kwa nini duka limefungwa, na mzee akamwambia yuko Bunda anapeleka gauni, na kidonge amekunywa. Hakusema saa ngapi. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa mtandio, naye akacheka, tukaingia Kisorya tukiwa bado tunacheka.

Kivuko kilikuwa kinapakia. Mzee hakutaka kuvuka, alikuwa na ndugu Bunda wa kulala kwake. Alinikabidhi gauni kwa mikono miwili. Nilimpigia shikamoo ingawa tulikuwa pamoja tangu asubuhi, maana sikujua niseme nini, akaniitikia marahaba kwa uzito wote. Jua lilikuwa bado halijazama nilipofika upande wa pili.

Nyumbani kwa mama palikuwa pamejaa watu na masufuria. Alinivuta chumbani, akafunga mlango, akavaa. Gauni lilimkaa vizuri mabegani na kiunoni, lakini chini lilikuwa refu, linaburuta. Mama alikuwa amepungua kimo, na mimi sikujua, kwa sababu vipimo nilivyokatia vilikuwa vya mama wa miaka mitatu nyuma. Nikaomba cherehani ya jirani, ikaletwa, nikaiweka dirishani karibu na taa. Mama akakaa kitandani na gauni la ndani, akiningoja nipandishe pindo.

Nilikuwa nimekaa na jambo tangu Magu, nikaona nisipolisema hapo sitalisema. Nilimwambia pengine alikuwa sahihi. Pengine masikio yangu yalijua asubuhi ile kwamba saa zimepotea, yakanyamaza, kwa sababu kuna sehemu yangu ilikuwa haitaki kufika. Nilimwomba anisamehe. Sikuinua macho kwenye kitambaa.

Mama aliniuliza kama najua kwamba nikimaliza kuongea naye huwa nasahau kukata simu. Nikasema najua, na kwamba na yeye huwa anasahau.

"Mimi sisahau," alisema. "Naiacha. Naiweka juu ya kabati la vyombo, nafanya kazi zangu. Nasikia cherehani yako, nasikia yule mzee anabishana na watu, nasikia nyimbo mpaka salio linakwisha au wewe unakumbuka. Miaka minne nyumba hii imekuwa hivyo, mwanangu. Saa moja kwa siku ina watu, halafu inanyamaza."

Pedali ilisimama chini ya mguu wangu. Nilikumbuka siku zote nilizoichukua ile simu mezani, nikaona bado iko hewani, nikakata huku nagugumia kwamba mama naye hajui kutumia simu.

Nje ya dirisha, bwana harusi alikuwa ameletwa na kaka zake kusalimia, akawekewa kiti asubiri. Hakujua kama kuna mtu anamsikia. Alianza kuimba puani, ile sauti yake isiyo na mwanzo, na ikaingia chumbani ikajaa. Mama alinitazama kwa wasiwasi, akashika kitasa cha mlango.

"Nikamwambie anyamaze? Najua inakuumiza kichwa."

"Mwache, mama," nikasema. "Mwache aimbe, namalizia pindo."

Akaacha kitasa, akarudi kukaa. Nikakanyaga pedali.